Hadithi Darasani Si Kupoteza Kipindi: Njia Bunifu za Kufundisha Kiingereza Katika Shule za Vijijini

Mzazi anayefungua daftari la mtoto wake wa darasa la nne hutafuta alama za vema. Akikuta kurasa zimejaa sentensi zilizonakiliwa kutoka ubaoni, kila moja ikiwa imesahihishwa kwa kalamu nyekundu, huridhika kwamba Kiingereza kinafundishwa. Akikuta kurasa tatu tu za michoro, na mtoto akamweleza kwamba wiki nzima walikuwa wakisomewa hadithi ya mbuzi aliyepotea na kuiigiza mbele ya wenzao, ataondoka na swali la kumpelekea mwalimu mkuu. Swali hilo si la ujinga. Daftari ndicho kithibitisho pekee kinachofika nyumbani, na mkaguzi anapotembelea shule naye huanzia hapohapo. Tatizo ni kwamba kipimo hicho huonyesha kazi ya kuandika iliyofanyika, wala hakisemi lolote kuhusu lugha iliyoingia kichwani, na kwa sababu hiyo njia bunifu za kufundisha Kiingereza zimehukumiwa kuwa mchezo kabla ya kusikilizwa.

Ni kweli kwamba watetezi wa njia hizo wamejiharibia wenyewe. Kwa miaka mingi neno ubunifu limemaanisha vifuniko vya chupa vilivyopangwa sakafuni, kuta zilizopakwa rangi na nyimbo. Watoto huimba wimbo wa alfabeti kwa sauti ya kupendeza, lakini wakifika katikati hutamka L, M, N na O kana kwamba ni herufi moja ndefu, na ukiwaonyesha N peke yake ubaoni wanatazamana. Huo ni ukariri uleule wa zamani uliopambwa kwa makofi. Anayedai kwamba nyimbo za namna hiyo hazifundishi lugha ana haki ya kusikilizwa, ila anakosea anapoziweka kapu moja na usomaji wa hadithi, ambao una ushahidi wa aina tofauti kabisa.

Ushahidi ninaourudia mara kwa mara ni wa Fiji, nchi ya visiwa katika Bahari ya Pasifiki. Kuanzia mwaka 1980, watafiti Warwick Elley na Francis Mangubhai waliwafuatilia wanafunzi 380 wa darasa la nne na la tano katika shule 8 za vijijini ambazo karibu hazikuwa na vitabu. Kila darasa lilipewa vitabu 250 vya hadithi vyenye picha, vya Kiingereza, lugha ambayo watoto hao hawakuizungumza nyumbani. Nusu ya madarasa yalisomewa na mwalimu kisha wakajadili na kusoma pamoja. Nusu nyingine yalipewa muda wa kusoma kimyakimya kila siku. Wenzao katika shule nyingine waliendelea na mpango rasmi wa wakati ule, uliofundisha miundo ya sentensi hatua kwa hatua kwa kuirudia kwa mdomo. Baada ya miezi 8, watoto wa vitabu walikuwa wamesonga mbele katika kusoma na kusikiliza kwa ufahamu kwa kasi mara mbili ya ile ya kawaida.

Wengi wakinukuu utafiti huo huishia kwenye hiyo mara mbili. Kinachonishughulisha zaidi ni kipimo cha pili, kilichofanyika baada ya miezi 20. Kufikia wakati huo tofauti ilikuwa imeongezeka na kuenea hadi kwenye stadi ambazo hadithi hazikukusudiwa kuzifundisha moja kwa moja, zikiwemo kuandika na sarufi. Hebu tulitafakari hilo polepole. Kundi moja lilifundishwa miundo ya sentensi kwa mpangilio, kwa mazoezi, chini ya mwalimu aliyejua leo anafundisha muundo gani. Kundi jingine lilisoma hadithi. Mtihani ulipouliza kuhusu miundo hiyohiyo, waliosoma hadithi ndio waliofanya vizuri zaidi. Kama mpango wa miundo ungeshindwa kwenye kusoma tu, tungesema haukuwa na vitabu vya kutosha. Kushindwa kwenye uwanja wake wenyewe kunahitaji maelezo mengine.

Maelezo yangu ni haya. Kitabu cha kiada huanza na wakati uliopo, huumaliza, kisha miezi kadhaa baadaye hufungua mlango wa wakati uliopita. Hadithi haisubiri. Sentensi yake ya kwanza tayari iko katika wakati uliopita, na kufikia ukurasa wa mwisho mtoto amesikia "went" na "saw" na "said" mara nyingi, kila mara zikiambatana na tukio analolijua: mbuzi alikwenda, fisi akamwona, mama akasema. Hakuna aliyemwambia kwamba vitenzi hivyo havifuati kanuni. Kesho yake hadithi hiyohiyo inasomwa tena, kwa sababu watoto wadogo hawachoki na hadithi wanayoipenda, na marudio ambayo mwalimu wa mazoezi huyatafuta kwa nguvu yanapatikana kwa ombi la watoto wenyewe. Tofauti haiko kwenye wingi wa marudio. Iko kwenye kwamba katika hadithi mtoto hurudia maneno akiwa na sababu ya kujali yanasema nini.

Wapinzani wana hoja nzito, na ya kwanza imo ndani ya takwimu zilezile. Wanafunzi 380 katika madarasa 16 ni wastani wa watoto wapatao 24 kwa darasa. Mwalimu wa kijijini mwenye watoto 70 mbele yake ana haki ya kuuliza matokeo hayo yanamhusu vipi. Kitabu cha kawaida alichokishika mkononi hakionekani zaidi ya safu ya pili. Jibu lililopo ni kitabu kikubwa, njia aliyoieneza mwanaelimu Don Holdaway huko New Zealand: maandishi na picha vinakuzwa kiasi kwamba darasa zima linasoma ukurasa mmoja kwa pamoja, mwalimu akifuatisha maneno kwa fimbo. Si lazima kinunuliwe. Karatasi za manila, au karatasi safi ya ndani ya mifuko ya saruji, zikishonwa kwa uzi na kuandikwa kwa kalamu nene, hutoa kitabu cha kurasa nane kinachodumu muhula mzima. Hata hivyo, herufi zitakazoonekana na mtoto wa safu ya mwisho zinataka urefu wa vidole vitatu hivi, na kwa ukubwa huo ukurasa haubebi zaidi ya sentensi mbili. Walimu wanaofanikiwa hugawa darasa: nusu wanasogea mbele kusoma, nusu wanabaki kwenye madawati wakichora tukio la jana na kuliandikia sentensi moja, kisha wanabadilishana. Inawezekana, lakini ni kazi, na asiyesema hivyo anawadanganya walimu.

Hoja ya pili ndiyo ninayoikubali bila kusita. Watoto wa Fiji walikuwa darasa la nne na la tano. Tayari waliweza kusoma. Mtoto wa darasa la kwanza hajafika huko, na tahajia ya Kiingereza haimhurumii. Aliyejifunza kusoma Kiswahili amezoea lugha ambayo herufi husomwa zilivyo. Ghafla anakutana na "though", "through" na "cough", maneno matatu yenye mwisho uleule wa maandishi na matamshi matatu tofauti. Kumsomea hadithi nzuri hakutamfumbulia fumbo hilo kwa wakati. Hapa wanaodai mazoezi ya wazi ya sauti na herufi, mafupi na ya kila siku, wako sahihi, na nadhani mtetezi yeyote wa hadithi anayeyapuuza anawaacha nyuma watoto walewale wasio na mtu wa kuwasaidia nyumbani. Kuitikia kwa pamoja nako kuna faida ambayo huonekana kwa nadra: mtoto mwenye haya hutamka neno geni akiwa amefunikwa na sauti za wenzake.

Kuna pia suala linalosemwa kwa kunong'ona, yaani Kiingereza cha mwalimu mwenyewe. Mazoezi ya kurudia humlinda mwalimu asiyejiamini, kwani sentensi zimeandikwa na majibu yanajulikana, ilhali mazungumzo huru humwanika. Lakini si kila njia bunifu hudai ufasaha. Mbinu ya amri na vitendo, aliyoiendeleza mwanasaikolojia wa Marekani James Asher, huhitaji mwalimu ajue sentensi chache tu: simama, gusa mlango, mpe Asha kalamu. Watoto husikia na kutenda kwa muda kabla ya kutakiwa kusema, na mwalimu huona papo hapo nani ameelewa kwa kutazama nani amegusa dirisha badala ya mlango. Kenya nayo, katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1980, ilijaribu kufundisha Kiingereza kwa redio katika madarasa matatu ya mwanzo: kipindi kinauliza, watoto wanajibu, mwalimu anasimamia. Kitabu cha hadithi humsaidia mwalimu kwa namna hiyohiyo. Sentensi sahihi zimo ndani yake tayari, na mwalimu anayezisoma kila siku huboresha pia Kiingereza chake.

Ndiyo maana hunisikitisha kuona fedha chache za shule za vijijini zikielekezwa kwanza kwenye vifaa. Peru iligawa kompyuta ndogo za mradi wa One Laptop per Child (kompyuta moja kwa kila mtoto), na tathmini iliyochapishwa mwaka 2012, iliyohusisha shule 319 za msingi za vijijini, haikuona mabadiliko katika alama za lugha wala hisabati. Kompyuta hizo zilitumika, hazikubadilisha kilichofundishwa. Simkatalii mtu kompyuta, ila namtaka aeleze kwa nini ije kabla ya sanduku la vitabu.

Kwa shule inayotaka kuanza bila kusubiri mradi wowote, ningependekeza hivi: darasa la kwanza na la pili lipate dakika 15 za sauti na herufi kila siku, bila kuona haya kwamba ni mazoezi, pamoja na amri na vitendo; kuanzia darasa la tatu, nusu saa ya kitabu kikubwa ichukue nafasi ya kipindi cha kunakili, hata kama vitabu vyenyewe ni kumi tu vilivyotengenezwa na walimu wakati wa likizo. Na kabla ya muhula kuanza, mwalimu mkuu aitishe kikao cha wazazi na kuwaonyesha somo zima, watoto wakisoma mbele yao, ili watakapokuta daftari lina kurasa chache wajue muda wa kipindi ulikwenda wapi. Mkaguzi naye aalikwe, ingawa huyo ni mgumu zaidi: fomu anayokuja nayo imepangwa na ngazi za juu, na haina mahali pa kujaza hadithi ngapi darasa limesoma.