Eti fundi wa siku hizi anajua kupunguza tu

Kauli hii imechosha. Mtu kachagua jinzi yake ya mtumba mnadani, kiuno kinampwaya, anaipeleka kwa fundi cherehani, akitajiwa bei anang'aka: "Kupunguza tu, elfu tano?" Hilo "tu" ndilo linalokera.

Simama basi umtazame. Anafumua kitanzi cha nyuma, kisha mkanda wa kiuno, kisha mshono wa makalio. Mshono huo kiwandani ulikunjwa ukapigwa mistari miwili. Kiwembe kikiteleza, suruali imekwenda. Kupunguza inchi 2 ni kula inchi 1 kila upande, halafu mstari wa chaki ushuke ukirudi taratibu kwenye mshono wa zamani, la sivyo nyuma kunatokeza kipembe. Ukimng'ang'aniza avuke inchi 3, mifuko ya nyuma inakaribia kubusiana, na lawama atabeba yeye. Penye mkunjo mnene anagonga kwa nyundo, anafunga sindano namba 16 au 18 (ya 11 inakatika hapo hapo), anaacha pedeli na kuzungusha gurudumu kwa mkono, tundu baada ya tundu. Mwingine anataka itanuliwe, kisha analalamikia mstari wa bluu iliyokoza. Kitambaa kilichojificha ndani ya mshono hakikupauka na wenzake, fundi afanyeje?

Anayeshona suruali mpya anakata kitambaa kwa kipimo cha mteja wake. Anayepunguza anasahihisha hesabu ya kiwanda kilichomshonea mtu mwingine kabisa. Cherehani ni ile ile, jina la kazi ni lile lile, kazi yenyewe si ile. Bei tu ndiyo iliyobaki kwenye jina la zamani.

Na mitumba haiondoki kesho. Mwaka 2016 wakuu wa Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa hatua kwa hatua. Marekani ikatishia kuwatoa kwenye AGOA, mpango wake wa kupokea bidhaa za Afrika bila ushuru, wengine wakanywea. Rwanda ikashikilia ushuru wake, na 2018 nguo zake zikanyimwa msamaha wa kodi katika soko la Marekani.

Haya, "njoo kesho" za mafundi zinaudhi, hilo halina ubishi. Na sare za harusi bado zinawapa kushona hasa, kwa msimu.

Ila mafundi nanyi, bandikeni bei ukutani kwa kila kazi: kiuno cha jinzi, zipu, pindo. Kiuno kinachofumuliwa sehemu tatu hakiwezi kulipwa sawa na pindo la suruali ya kitambaa.