Mzee Kavua Miaka Arobaini, Mkamwandikia Neno Moja

Nimechoka na vijitabu vya mazishi. Hivi vinavyogawiwa kila Ijumaa na Jumamosi kuanzia Nakuru hadi Busia, ukibadilisha jina na picha ya jalada, kimoja kinatosha kuzika wazee kumi. Alizaliwa. Akasoma. Akaoa. Akajaliwa watoto. Kisha aya nne nzima za ugonjwa: alianzia zahanati, akahamishiwa hospitali ya rufaa, akawekewa oksijeni, vipimo vikaonyesha hiki na kile, "hadi Mola alipomwita". Mtu ameishi miaka 78, na kinachoelezwa kwa kina ni wiki sita ambazo mwenyewe angetoa ng'ombe zisimfike.

Na kazi yake? "Alikuwa mvuvi mashuhuri." Basi, imeisha.

Mvuvi wa ufuo gani wa Ziwa Victoria, Dunga au Usenge? Wa omena, yaani dagaa, au wa mbuta, yaani sangara? Hizo ni kazi mbili tofauti. Omena huvuliwa usiku wa giza, mwezi ukiwa haupo, kwa taa: zamani karabai, siku hizi za sola. Wavu wake ni wa matundu madogo ya milimita 10. Kwa miaka mingi uvuvi huo umekuwa ukifungwa kuanzia Aprili hadi Julai, kwa hiyo miezi minne ya kila mwaka mzee alikula na kulipa karo kwa kitu kingine. Kipi? Hakuna aliyeuliza. Mbuta nao ni nyavu za kutega, zinatandazwa jioni na kuvutwa alfajiri, au kamba ndefu yenye ndoano nyingi na chambo kwa kila ndoano. Samaki huyo aliingizwa ziwani miaka ya 1950 na akatapakaa miaka ya 1980. Maana yake, aliyeanza kuvua 1965 alianza na ngege, samaki wa asili wa ziwa, akalazimika kubadilisha nyavu akiwa mtu mzima, akaona viwanda vya minofu vikifika Kisumu, kisha miaka ya 1990 akaona gugu maji likiziba ufuo hadi mashua hazitoki. Historia nzima ya ziwa imepita mikononi mwa mtu mmoja, nanyi mmeifunika kwa "mashuhuri".

Mkulima naye vivyo hivyo. Mwenye shamba la miwa Mumias alisubiri takriban mwaka na nusu kabla ya mkato wa kwanza, halafu akasubiri lori, halafu akasubiri malipo. Subira ya namna hiyo haiandikiki kwa "alikuwa mkulima hodari".

Kosa huanzia kwenye maswali. Ukiuliza "mzee alikuwa mtu wa aina gani?" utajibiwa "mpole, mcheshi, mpenda watu", hata kama nusu ya kijiji ilikuwa ikimkimbia. Uliza vitu vinavyoshikika. Aliamka saa ngapi? Akitoka alibeba nini mkononi? Chombo chake cha kazi ni kipi, na sasa kiko kwa nani? Alifunzwa na nani, naye akamfunza nani? Alilipwa kwa siku, kwa wiki au kwa mwezi? Ni kitu gani kilimharibikia mara kwa mara, na alikitengenezaje? Waulize watu watatu: aliyefanya naye kazi, aliyekuwa mteja au mwanafunzi wake, na mkewe. Nusu saa kwa kila mmoja inatosha, simu ikirekodi. Mzaliwa wa kwanza mwacheni mwisho. Yeye alimjua baba kwa fimbo na ada, na wiki hiyo kichwa chake kimejaa bajeti ya mahema.

Halafu tarehe. Hapa aibu ni za bure kabisa. Mzee wa 1948 hakufanya KCPE ya kumaliza shule ya msingi. Mtihani huo ulianza 1985. Hakuajiriwa na Kenya Railways mwaka 1968, maana hadi Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977 reli ilikuwa ya nchi tatu. Hakuzaliwa "Kaunti ya Vihiga": kaunti zilianza kazi 2013, na hata Wilaya ya Vihiga yenyewe ilikatwa kutoka Kakamega mwaka 1990. Kitambulisho kisikudanganye pia, kwani wengi wa rika lile walikadiriwa mwaka na karani. Linganisha na cheti cha ubatizo, kadi ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, au namba ya TSC, tume ya walimu, kama alikuwa mwalimu. Kwa Mbukusu, Mluhya wa Bungoma, kuna kipimo kizuri kuliko vyote: kidesturi tohara ni Agosti ya mwaka wa shufwa, unaogawanyika kwa mbili. Mkiandika kwamba alitahiriwa 1961, wazee watacheka palepale kaburini.

Imani nayo imekuwa ya kunakili. "Alibatizwa katika Kanisa la Marafiki", yaani Quakers. Na nani, jamani? Marafiki hawabatizi kwa maji! Jeshi la Wokovu vilevile. Kwao mtu huapishwa kuwa askari chini ya bendera. Aliyeandika alichukua kijitabu cha jirani Mkatoliki, akafuta majina, akapeleka saiba. Nakubali, shingo upande, kwamba mchungaji atataka mstari wa wokovu na hatapumua hadi aupate. Mpeni. Lakini semeni pia alikaa benchi gani, alishika hazina au ngoma, alianzisha wimbo gani sauti zikizubaa, na kama alihama kanisa, alihama kwa nini. Waislamu wa Mumias wametuzidi hapa: wanazika haraka, na hawana kijitabu cha kuharibu.

Starehe zake zisiwe "alipenda soka". Aliifuata Abaluhya kabla haijaitwa AFC Leopards? Gor Mahia ilipotwaa Kombe la Washindi barani Afrika 1987 alikuwa wapi? Ajua, ule mchezo wa bao, alicheza chini ya mti upi, na ni nani aliyemshinda kila mara?

Ugonjwa: sentensi mbili. Pombe, kama ilikuwepo: msifiche, msianike.

Orodha ya watoto ndipo ugomvi unapozaliwa. Isomwe mbele ya nyumba zote, ya kwanza na ya pili, kabla ya kuchapwa, si baada. Waliotangulia mbele za haki waandikwe pia. Na wasifu usomwe kwa lugha anayoielewa mjane. Kiingereza cha kuwafurahisha wageni wa Nairobi kiwekwe kando.

Msipewe kazi hii Jumatano usiku kwa mazishi ya Jumamosi, kama ilivyo desturi yetu. Kamati imteue mwandishi siku ya kwanza. Maneno 600 yanasomeka kwa dakika sita hivi, na zaidi ya hapo watu wanatazama sufuria. Karatasi moja ikikunjwa hutoa kurasa nne, kwa hiyo kijitabu ni kurasa 8, 12 au 16. Ukifika ya 9, mchapaji atakujazia ua na machweo. Picha ya ukutani itoeni kwenye fremu, ipigwe karibu na dirisha bila mwanga wa simu, la sivyo kioo kitamfuta baba uso. Mkiituma kwa WhatsApp itumwe kama faili, maana ikienda kama picha inapunguzwa na kuchapika kama ukungu.

Rasimu ikikamilika, mpelekeeni mzee mmoja aliyefanya naye kazi, asomewe kwa sauti. Akikatiza na kusema, "Hapana, ile mashua haikuwa yake, alikuwa anaazima kwa shemeji," futeni mlichoandika na muandike hicho alichosema.