Atacama ni mbali, lakini nikiwa Muheza naiona

Kambi alikoishi babu yangu, nje kidogo ya Muheza, si jangwa. Mvua inanyesha, nyasi zinakufika kiunoni. Ila nyumba zimebaki kuta, mabati yalishang'olewa, na kwenye banda la korona, mashine iliyokuwa ikikamua majani ya mkonge kutwa kucha, sasa wanalala mbuzi.

Ndiyo maana habari za Atacama, kaskazini mwa Chile, zimenikaa moyoni. Lile ndilo jangwa kavu kuliko yote nje ya ncha za dunia. Milima ya Andes inazuia mawingu ya upande wa Amazon, na baharini unapita mkondo baridi wa Humboldt usioruhusu mvua kujengeka. Miaka hupita bila tone. Na ukavu huohuo ndio uliowatajirisha: naitreti, aina ya chumvi ya ardhini, huyeyuka kwenye maji, kwa hiyo ilibaki ardhini kwa sababu tu hakuna mvua ya kuiosha. Dunia iliitaka kwa mbolea na baruti. Chile ilipigana na Peru na Bolivia kuanzia 1879, na Bolivia ikapoteza pwani yake yote.

Kisha mwaka 1913 Wajerumani wakaanza kutengeneza amonia kiwandani kwa naitrojeni ya hewani, na mbolea na baruti zikapatikana bila naitreti ya Chile. Ukaja mdororo wa 1929, na kufikia 1932 mauzo ya Chile nje yalikuwa yameanguka kwa zaidi ya asilimia 80. Vibarua walifungasha virago na watoto wao, wakashuka kusini hadi Santiago kutafuta pa kulala. Humberstone, mji wa wachimba naitreti, ulijikongoja hadi 1960; leo ni urithi wa dunia, watu wanalipa kuingia kuutazama.

Wapo wanaosema jangwa liliwashinda. Mimi nakataa. Jangwa waliliweza miaka mingi, maji yakiletwa kutoka mbali. Kilichowashinda ni kutegemea kitu kimoja ambacho bei yake inapangwa na watu wasiowajua.

Sisi je? Mjerumani Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo, alileta miche ya mkonge mwaka 1893, ikapona 62 tu. Kufikia 1964 nchi ilizalisha karibu tani 230,000, nyingi zikitoka mkoani kwetu Tanga. Reli, bandari, manamba kutoka Kigoma na Songea, vyote viliuzunguka mkonge. Nyuzi za plastiki zilipoingia sokoni, hatukuwa na pa kushika.

Sasa kila kijiwe cha kahawa Tanga wanazungumzia bomba la mafuta, kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani hapa Tanga. Silipingi. Ila naumia nikiona machungwa ya Muheza yakiozea chini ya miti msimu ukifika, na hakuna anayeyazungumzia kwa moto uleule.

Babu alikuwa na kovu chini ya jicho, mwiba wa mkonge nusura umpofushe. Alifariki akiwa bado anadai kiinua mgongo chake. Karatasi ya madai mama anayo mpaka leo, ameikunja ndani ya kanga, chini kabisa ya sanduku.