Besi ya kwanza: pesa iende shingoni

Anayeanza kupiga besi huuliza kwanza anunue ya aina gani, na majibu anayopewa huwa ni majina: Fender, Yamaha, Ibanez, Cort, Squier. Majina yana uzito wake, lakini hayamsaidii sana mtu aliyeko dukani na gitaa mapajani. Gitaa la besi lina kitu kimoja ambacho kikiharibika hakitengenezeki kwa gharama nafuu: shingo. Pikapu, yaani sumaku zinazonasa mtetemo wa nyuzi, hubadilishwa. Vikazio vya nyuzi hubadilishwa. Volyumu zinazokwaruza fundi redio wa mtaani anazimaliza kwa nusu saa. Shingo iliyojisokota kama pangaboi haina dawa, hata kama kichwani pameandikwa jina kubwa. Na maandishi ya kichwani ni karatasi tu ya kubandika. Yeyote anaweza kuyabandika.

Kwa hiyo kagua shingo kabla hujauliza bei. Sogeza kichwa cha gitaa karibu na jicho, tazama kingo mbili za ubao wa vidole kuelekea mwilini. Kingo zote mbili zikiwa zimebonyea kidogo kwa pamoja, hakuna shida. Ndani ya shingo mna nondo nyembamba ya chuma ya kurekebisha hilo. Lakini upande wa uzi mnene ukipanda huku upande wa uzi mwembamba ukishuka, rudisha gitaa. Nondo hukunja na kukunjua, haisokotoi.

Kisha bonyeza uzi wa E, ule mnene kuliko wote, kwenye freti ya kwanza na freti ya mwisho kwa wakati mmoja; freti ni vyuma vyembamba vilivyokatiza ubao wa vidole. Uzi sasa umekuwa rula. Angalia nafasi iliyopo kati ya uzi na freti ya 8. Ikitosha kadi ya biashara, yaani karibu milimita 0.3, shingo iko vizuri. Ikipita kadi ya benki bila kugusa, nondo inahitaji kukazwa. Kama hakuna nafasi kabisa, shingo imepinda kwa nyuma au nondo imekazwa mno. Mwambie muuzaji aizungushe robo mzunguko mbele yako, kisha airudishe. Nondo iliyofika mwisho wa nati yake, au nati ambayo tundu lake limeliwa na alenki isiyo saizi yake, ni sababu tosha ya kuondoka dukani. Magitaa mengi ya Marekani hutumia alenki ya inchi 3/16, ambayo ni milimita 4.76. Mtu akilazimisha ya 4.5, pembe za tundu huliwa mara moja.

Baada ya hapo, piga kila freti ya kila uzi. Freti 20 kwa nyuzi nne ni noti 80, kazi ya dakika tano. Sikiliza sauti inakwaruza wapi. Ikikwaruza sehemu moja tu, kuna freti iliyoinuka mbele ya kidole chako, au unayoibonyeza imelika. Ikikwaruza freti za mwanzo zote, shingo imenyooka kupita kiasi. Ikikwaruza za juu karibu na mwili, nyuzi ziko chini mno. Utakuta pia kwenye uzi wa G, ule mwembamba kuliko wote, kati ya freti ya 5 na ya 7, noti moja inakufa haraka kuliko jirani zake. Hiyo ni tabia ya mbao za besi nyingi za mtindo wa Fender. Usikatae gitaa zuri kwa ajili yake.

Simama nalo pia, likiwa na mkanda begani. Besi nyingi zina kilo 3.5 hadi 4.5. Kwa anayepiga ibada nzima au mkesha, nusu kilo ni tofauti kubwa kwa mgongo. Na ukiachia mkono wa kushoto kichwa kikaanguka kuelekea sakafuni, mkono huo utakuwa unabeba gitaa badala ya kupiga.

Kuhusu aina, maoni yangu ni kwamba mpigaji wa ridhaa aanze na besi ya nyuzi nne isiyotumia betri. Mtengenezaji aitwaye Leo Fender alitoa besi ya Precision mwaka 1951, pikapu yake iliyogawanywa vipande viwili ikaja 1957, na Jazz Bass ikafuata 1960; karibu kila besi ya bei nafuu leo ni mtoto wa mojawapo ya hizo. Precision ina sauti nene moja inayokaa vizuri chini ya magitaa na kinanda. Jazz ina pikapu mbili na shingo nyembamba kwenye kizingiti, pale nyuzi zinapoingia kichwani, milimita 38 hivi, wakati Precision huanzia 41. Mwenye vidole vifupi ataipenda Jazz. Zipo pia zenye pikapu ya Precision mbele na ya Jazz nyuma, na hizo ndizo ningemshauri mtu asiyejua bado atapiga muziki gani. Urefu wa kawaida wa uzi, kizingiti hadi daraja linaloshika nyuzi mwilini, ni inchi 34; wapo wanaohangaika nao bure wakati besi fupi za inchi 30 zipo na zinapiga vizuri kabisa.

Nyuzi tano je? Makanisani imekuwa kama sharti, na nyuzi sita zinafuata. Rumba na benga za miaka ya 1970, ambazo mpaka leo watu wanazinukuu kwenye besi, zilipigwa kwa nyuzi nne. Uzi wa tano ni B, chini ya E; ukiwa wazi unatetemeka mara 30.9 kwa sekunde, na spika ndogo haiwezi kuutoa. Unachosikia ni oktava yake ya juu, na chini yake ukungu. Ila kuna sababu moja ya kweli ya kununua nyuzi tano. Mpiga kinanda wenu akipenda E flati na D flati, uzi wako wa chini kabisa ni E, na ile noti unayoihitaji haipo chini yake. Hapo nyuzi tano zina haki. Kabla ya kulipa, piga B freti ya 5 halafu E wazi. Noti ni ileile. Kama ya kwanza ni legelege na ya pili imekaza, gitaa hilo lina uzi wa tano wa mapambo.

Sasa nifike kwenye jambo linalowafanya watu wauze besi nzuri bila sababu. Mpigaji anachomeka besi isiyo na betri moja kwa moja kwenye mixa, sauti inatoka kama imefunikwa blanketi, na wote wanakubaliana kwamba gitaa ni bovu. Gitaa halina kosa. Pikapu isiyo na betri inataka kuchomekwa mahali penye upinzani wa karibu megaomu 1. Tundu la laini (line) la mixa nyingi lina kiloomu 10 hivi, yaani mara mia pungufu. Pikapu inazidiwa na mzigo, na kinachopotea kwanza ni sauti za juu, zile zinazofanya noti isikike wazi katikati ya ngoma na kinanda. Fundi mitambo akiongeza trebo anaongeza mvumo tu.

Dawa yake ni kisanduku cha DI, kinachokaa kati ya gitaa na mixa. Nunua kile kinachotumia umeme, ama wa betri ama volti 48 kutoka kwenye mixa, kwa sababu tundu lake lina upinzani mkubwa unaotakiwa. Besi inaingia kisandukuni kwa waya wa kawaida wa gitaa, kutoka hapo unatumia waya wa maikrofoni kwenda tundu la maikrofoni. Mixa nyingine zina kitufe kilichoandikwa Hi-Z kwenye tundu moja au mawili. Kibonyeze, na huhitaji kisanduku. Besi za betri hazina tatizo hili, na naamini ndiyo sababu nyingi zinasifiwa kuliko zinavyostahili. Kumbuka tu kwamba kwenye hizo jeki ndiyo swichi: ukiacha waya umechomekwa usiku kucha, betri ya volti 9 inaendelea kuliwa.

Nikiwa hapo hapo kwenye umeme: ukigusa nyuzi na mdomo ukagusa maikrofoni ukapigwa shoti, acha kupiga. Jengo au amplifaya haina ethi ya kweli. Wapo wanaokata pini ya tatu ya plagi ili kuondoa mvumo. Pini hiyo ndiyo inayokulinda usife.

Kuseti gitaa ni kazi ambayo kila mpiga besi anaweza kujifunza, na inabadilisha gitaa kuliko kifaa chochote utakachonunua. Mpangilio haurukwi: nyuzi mpya, tuni, nondo, kimo cha nyuzi juu ya freti, usahihi wa oktava, mwisho pikapu. Vifaa ni alenki za saizi sahihi, bisibisi, rula yenye nusu milimita, na fila ya fundi magari ya kupima ile nafasi ya freti ya 8. Nondo izungushe robo tu, tuni tena, subiri, pima tena. Mbao haitii amri papo hapo. Kukaza kunanyoosha shingo, kulegeza kunairuhusu ibonyee.

Kimo cha nyuzi kinapimwa freti ya 17, kutoka juu ya freti hadi chini ya uzi: milimita 2.4 kwa E na 2 kwa G ni mahali pazuri pa kuanzia. Anayepiga kwa nguvu apandishe kidogo. Halafu oktava: linganisha toni ya uzi ikiguswa tu juu ya freti ya 12 na noti ya freti ya 12 ikibonyezwa. Ya kubonyeza ikiwa juu, rudisha kiegemeo cha uzi kilichopo kwenye daraja nyuma, mbali na shingo. Ikiwa chini, kisogeze mbele. Usifanye kipimo hiki kwa nyuzi zilizochakaa. Uzi uliolika pale unapogonga freti hauna tena unene mmoja, na utahangaika kutwa nzima ukitafuta usahihi ambao haupo.

Kwenye kufunga nyuzi kuna kosa moja la kila siku. Uzi ukikatwa kabla ya kukunjwa, waya wa nje unaachia kiini na uzi mzima unakufa sauti. Pima kwanza urefu wa kupita kikazio chake kwa sentimita 10 hadi 12, kunja kona kali, ndipo ukate baada ya kona. Mizunguko miwili au mitatu kwenye kikazio inatosha, ikishuka kwenda chini. Ukimaliza, bonyeza uzi kwa kidole mbele kidogo ya kiegemeo cha daraja ili ulale vizuri. Usipofanya hivyo tuni itahama wiki nzima. Seti ya 45 hadi 105, yaani unene kwa sehemu za elfu za inchi, inafaa wengi. Nyuzi laini zisizo na mikwaruzo zina sauti nzito iliyofunga na zinadumu miaka, kwa sababu hazina mitaro ya kuhifadhi uchafu na jasho. Anayeishi Dar, Tanga, Mombasa au Unguja, ambako chumvi ya hewani inaanza kula nyuzi za kawaida mapema sana, azifikirie kwa uzito. Na kila baada ya kupiga pangusa nyuzi kwa kitambaa kikavu, chini yake pia.

Kuboresha vipuri kuje baada ya haya yote. Pikapu mpya kwenye shingo nzuri iliyosetiwa ni pesa iliyotumika vyema. Daraja zito la chuma, kwa masikio yangu, linaleta tofauti ndogo kuliko linavyosifiwa. Kabla ya kuagiza pikapu za Jazz chukua rula. Za kawaida hazilingani: ya mbele ina kama milimita 92, ya nyuma 95. Besi nyingi za bei nafuu kutoka Asia zimechongwa matundu mawili sawa, na seti ya kawaida haitaingia. Volyumu za kiloomu 250 zenye ukubwa kamili nazo zina mhimili mnene kuliko zile ndogo zilizomo ndani, kwa hiyo tundu lazima litanuliwe, na kwenye mwili mwembamba huenda kina kisitoshe. Kapasita ya toni iwe nanofaradi 47.

Fundi redio anaweza kulehemu yote haya, ila mpe mchoro na umwonyeshe waya unaopita chini ya daraja. Ukikatika huo, besi itavuma muda wote, hata mikono ikiwa juu ya nyuzi. Pikapu mbili zikifunguliwa pamoja sauti ikawa nyembamba na uzito wake ukatoweka, zinapingana. Geuza nyaya mbili za pikapu moja tu. Na ulivyovitoa, volyumu, pikapu, skrubu, vyote vitie kwenye mfuko mmoja na uviweke ndani ya begi la gitaa. Siku ya kuuza, besi irudi na vipuri vyake vya awali, vile vizuri ubaki navyo kwa shingo inayofuata.