Kuku Alikuwa wa Shemeji

Najua mmeshasikia. Shemeji yangu hana breki mdomoni, na ile sauti aliyorekodi imezunguka mpaka kwa watu niliosoma nao. Anavyosimulia yeye, nimefungia balaa kabatini nikahamisha mtaa. Sawa. Ila kuna kitu kimoja amekiruka makusudi, na ndicho kilichonitoa usingizini niandike haya. Tulieni, nakuja.

Mita yetu ya gesi iko ukuta wa mbele, ubavuni mwa mlango. Ya kijivu, mabomba yamepinda huku na huku, imetokeza ukutani kama kitambi. Mgeni akifika anaikodolea macho hiyo kwanza, ndipo akumbuke kutusalimia. Mke wangu akipiga picha mlangoni anatusogeza kushoto ili isionekane, matokeo yake picha zote za familia tumebanana upande mmoja utadhani tunapisha gari.

Nikapiga simu kwa wenye gesi, waihamishie uani. Dada aliyepokea akanielewesha kwa upole kwamba mita ni mali yao, si yangu, kwa hiyo kuigusa ni kazi ya mafundi wao, ila gharama ndiyo ya kwangu. Akaitaja. Nikamwambia simu inakatakata. Naye akaniwahi: kama nataka kuificha tu, niache hewa ipite juu na chini, nisizibe kitundu cha regulata (ile ya kupunguza msukumo wa gesi) maana lazima kipumue, nisining'inize kitu kwenye bomba, namba zisomeke, na koki ifikiwe na mtu yeyote bila kutafuta ufunguo. Nikayafuata yote. Shemeji, kama unasoma: YOTE.

Likazaliwa kabati. Mlango wa vibao vya mlazo, komeo la kugeuza, kapaa kadogo juu, kidirisha cha pembeni cha kuingizia mkono ufikie koki, na chini pamebaki wazi shubiri nzima kwa ajili ya hewa. Lilipendeza, nisiwe mnafiki. Shemeji mwenyewe, ambaye uzio wake na wetu umegusana, alilizunguka, akaligonga gonga, akasema, "Hapa mtu anaweza kuhamia."

Maneno yake hayo. Yawekeni akiba.

Muda si mrefu akaanza kulalamika kuwa kuku wake hatagi tena. Akamshuku mbwa wa jirani, akawashuku watoto, nadhani kuna siku alinishuku hata mimi. Nikampa pole. Mimi, pole!

Ikaja asubuhi ya harufu. Mnaotumia gesi mnaijua, ile ya yai viza. Gesi asilia yenyewe haina harufu hata chembe, hiyo huongezwa makusudi ili ikivuja pua ikushtue. Mwaka 1937, kule New London, Texas, gesi isiyo na harufu ilijikusanya chini ya shule bila mtu kujua, ikalipuka, wakafa watu karibu 300, na baada ya hapo kutia harufu kukawa sheria huko. Kwa hiyo mnaoniambia ningechungulia kwanza, chungulieni za kwenu.

Nikatoa watu nje. Halafu, sijui ni kitu gani kiliniingia, nikageuka kamanda. "Asiguse mtu swichi! Usiwashe, usizime! Simu mfukoni!" Nikagonga milango ya majirani wa kulia, nikagonga ya kushoto. Bibi mmoja alikuwa anaota jua, nikambeba pamoja na kiti chake, akawa ananipiga begani kwa fimbo njia nzima. Shemeji nikamtuma mwisho wa mtaa akapigie simu huko, mbali na harufu. Kisha, mbele ya macho ya wote, nikarudi kuifunga koki.

Nikapenyeza mkono kidirishani. Nikagusa kitu laini chenye uvuguvugu. Nikajiambia, ndiyo gesi hiyo. (Chekeni, nasubiri.) Nikaishika koki, robo mzunguko, mpini ukakaa kukingama na bomba. Nikarejea kwa hatua za taratibu, za mtu aliyeokoa mtaa. Kuna aliyepiga makofi, namjua, na tangu siku hiyo ananikwepa.

Fundi akafika na kifaa chake cha kunusa gesi. Akakipitisha juu ya kabati: kimya. Ubavuni: kimya. Chini: kimya. Akakigonga kwenye kiganja, akarudia, kimya. Akaamua kuvuta hewa kwa pua yake mwenyewe, uso ukamkunjamana. Mimi niko hatua moja nyuma yake, mikono kiunoni, na cheo changu.

Akageuza komeo. Mlango ukafunguka bila kulia, maana bawaba nilizitia mafuta. Ndani, nyuma ya mita, kukatokea jicho. Moja, la duara, halipepesi. Jicho likamtazama fundi, fundi akalitazama jicho. Kisha kuku akasimama, akajikung'uta, akashuka kwa adabu zote, akapasua umati katikati na kwenda kusimama miguuni pa shemeji.

MIGUUNI PA SHEMEJI. Hicho ndicho alichokiruka.

Yalibaki mayai. Fundi akauliza kama kuna jogoo, shemeji akajibu hana, kwa sauti ya chini ambayo sijawahi kumsikia nayo. "Basi alikuwa anaatamia hewa," fundi akasema, "mayai yameozea kwenye joto lake." Akachukua moja, akalitikisa sikioni, akatingisha kichwa, akanigeukia: "Shika hapa, kaka."

Nikashika. Na kwa kuwa nilimwona fundi amelisikiliza, mimi nami nikalipeleka sikioni.

Kulikuwa na sauti nyembamba ndani, kama tsiii. Ninakumbuka niliinamisha kichwa kidogo ili nisikie vizuri. Ninakumbuka bibi akisema, "Mwanangu, usi..."

Puu.

Lilianzia sikioni, likashuka shingoni, likaingia kwenye kola bila haraka, likatafuta mgongo. Hakuna aliyecheka mara moja. Wote walirudi nyuma kwanza, hata mke wangu, hata watoto niliowazaa. Fundi ndiye aliyebaki pale pale, akanielekezea kile kifaa, akakisoma kwa makini, akasema, "Mita haivuji, kaka. Unavuja wewe."

Hapo ndipo walipocheka.

Mengine mafupi. Fundi alipaka povu la sabuni kwenye maungio, hakukutokea hata kipovu kimoja, akafungua koki mwenyewe maana ukishaifunga kwa dharura hairuhusiwi uifungue wewe. Akasema kabati liko vizuri, ila chini nipigilie wavu wa chuma, hewa ipite, kuku asipite. Nimepiga. Nimeoga. Bado naoga.

Sasa shemeji anawatangazia kwamba nilijaribu kutotoa vifaranga vya gesi, kumbe jana jioni, giza likishaingia, alikuja mlangoni kuniuliza kwa kunong'ona kama naweza kumjengea kuku wake banda la aina ile ile, na kapaa vilevile. Nimemwambia atangulize hela ya mbao.