Lady Anne Clifford na waume waliotundikwa ukutani

Mwaka 1605 George Clifford, mwenye cheo cha ukabaila cha Earl wa Cumberland, alifariki akamwachia mdogo wake ngome na mashamba yote ya kaskazini mwa Uingereza. Binti yake wa pekee, Anne, mwenye miaka 15, aliachiwa pauni 15,000, ingawa hati ya enzi za Mfalme Edward II ilitaka mali ishuke kwa mtoto wa damu, awe wa kiume au wa kike. Akaigombania kwa miongo, na mwaka 1646 akaagiza picha ya familia ya sehemu tatu, ambayo sasa iko Kendal, mji wa kaskazini mwa Uingereza.

Wapo wanaoiona kuwa majivuno ya ukoo tu. Wana hoja: imejaa nembo na maandishi ya nasaba. Isitoshe, Anne hakushinda kesi. Alirithi mwaka 1643 binamu yake, mwana wa baba yake mdogo, alipokufa bila kuacha mtoto wa kiume. Naye alipokuwa mwenye ardhi, aliwashtaki wapangaji wake bila huruma.

Lakini wanaoishia hapo hawajatazama nani amewekwa wapi. Upande wa kushoto Anne ana miaka 15, umri ule ule aliponyimwa mirathi. Kulia ana 56, mali iko mkononi. Miaka arobaini ya ndoa mbili na uzazi imerukwa. Waume wake, Richard Sackville na Philip Herbert, ni vipicha viwili vilivyotundikwa ukutani. Huyo Philip, mchoraji Van Dyck alipochora familia yake miaka ya 1630, aliketi kama bwana wa nyumba, Anne kando yake kwa nguo nyeusi, mikono imekunjana. Katika picha aliyoilipia mwenyewe, Anne amekuwa mwenye nyumba, na mabwana hao hawahitajiki ili yeye awe mrithi.

Katikati wamesimama wazazi na kaka zake wawili waliokufa wadogo. Anne bado yumo tumboni mwa mama. Sehemu hii naiona nzito kuliko zote, maana ni hoja ya mahakamani iliyochorwa kwa rangi: wavulana watakufa, na mrithi tayari yumo. Mama huyo, Margaret Russell, ndiye aliyefukua hati za kale kumtetea binti yake hadi alipofariki mwaka 1616. Mwaka uliofuata Mfalme James I alimtaka Anne akubali uamuzi wa kumpa baba yake mdogo mali. Alikataa mbele ya mfalme, huku mumewe wa wakati huo, Richard, akiwa upande wa mfalme.