Heri mashine iseme haijui

Usiku mmoja mama mkubwa alinipigia kwa hofu: kile kidude cha kubana kidoleni, cha kupima oksijeni kwenye damu, kinasoma asilimia 85. Nikamuuliza anapumuaje. Vizuri tu, akanijibu, tena kwa kunigombeza. Sasa, mikono yake siku hizi hutetemeka. Nikamwomba aulaze mkono juu ya mto, autulize dakika nzima. Namba ikapanda hadi 97.

Ile 85 ina chanzo chake. Kifaa humulika kidole kwa taa mbili, nyekundu ya nanomita 660 hivi na ya infraredi, isiyoonekana kwa macho, ya 940 hivi, kikapima mwanga unaovuka. Ngozi, mfupa na damu ya vena (mishipa inayorudisha damu moyoni) vyote hunyonya mwanga, kwa hiyo kifaa hufuata kile tu kinachopanda na kushuka pamoja na mapigo ya moyo. Mara nyingi hicho ni asilimia moja au mbili tu ya mwanga wote! Kisha hugawanya mpwito, yaani huko kupanda na kushuka, wa nyekundu kwa wa infraredi. Mkono ukitikisika sana, taa zote mbili huyumba karibu sawa, uwiano husogea kwenye 1, na kwa kifaa 1 ni kama 85.

Mhandisi Mjapani Takuo Aoyagi, aliyebuni njia hii, alianza kwa kukerwa na mpwito huohuo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alikuwa akipima damu inayosukumwa na moyo kwa kutumia rangi iliyodungwa kwenye damu, mpwito ukamvurugia kazi. Katika kuufuta, akagundua kwamba unabeba habari za oksijeni.

Uwiano hugeuzwa asilimia kwa vipimo vya watu wazima wenye afya waliovutishwa hewa yenye oksijeni kidogo. Ngozi za nani? Utafiti wa Marekani wa 2020 ulitazama wagonjwa ambao kifaa kiliwasoma 92 hadi 96. Damu ya ateri (mishipa inayotoa damu moyoni) ilipopimwa yenyewe, asilimia 11.7 ya vipimo vya weusi vilikuwa chini ya 88. Kwa weupe, 3.6. Hiyo inatuhusu.

Mimi naona kifaa kisichoonyesha wimbi la mpwito hakifai kuuzwa. Wimbi likivurugika, kioo kionyeshe vistari, si namba. Nimemwahidi mama mkubwa chenye wimbi. Ameuliza kama kitapima na sukari.